Ha Iliyobaki Peke Yake

Neno la mwisho la aya ya nane katika Sura Yasini ni muqmahuun. Linawasema watu waliotiwa makongwa shingoni mpaka videvuni, vichwa vimebaki juu, hawawezi kuinama. Nimelisoma tangu chuoni, nikiwa mtoto wa kukaa mkekani na kutikisika mbele na nyuma, na miaka yote hiyo lilikuwa likinipita mdomoni kama maji. Siku niliyolisikia hasa ni siku ya hitima ya arubaini ya bibi mmoja wa mtaani kwetu, pale mkwewe alipolisoma vipande vitatu. Muqma, akanyamaza. Ha, akanyamaza. Kisha uun, wenzake wote wameshaingia aya ya tisa.

Waliokaa karibu naye walidhani ni ugeni wa lugha. Yule bwana ni mtu wa bara, amesilimu miaka michache iliyopita alipomuoa binti wa marehemu, na Kiarabu anakisoma kwa herufi za Kilatini. Vijana wawili wakaangaliana. Mimi nilijua si ugeni. Nilikuwa nimeshika kitabu kama chake, na kitabu nilikipanga mimi. Nikafungua ukurasa kuhakikisha. Limeandikwa hivi: muqma ḥ ūn.

Alisoma kilichoandikwa. Hakukosea hata kidogo.

Nina kijiduka cha kupanga na kuchapa ndani ya kichochoro cha Mji Mkongwe, kompyuta mbili na mashine moja yenye kelele kuliko kazi. Watu huniletea kadi za harusi, ratiba za Ramadhani, vitabu vya maulidi, na vile vijitabu vya Yasini ambavyo familia huvigawa hitimani kwa niaba ya maiti wao. Hiki cha bibi kilikuwa na kurasa 32, nakala 150. Kiarabu juu, matamshi kwa Kilatini katikati, tafsiri ya Kiswahili chini. Kiarabu sikigusi, nakichukua ukurasa mzima kama picha kutoka msahafu wa Madina, nalala usingizi. Kiswahili nacho hakina herufi ya kunitesa ila ng' ya ng'ombe, ambayo kila fonti mpya hukigeuza kichwa chini kile kialama chake. Kisa kiko katikati.

Kiswahili chetu cha kuandika kina h moja tu. Kiarabu kina mbili, nyepesi na ya kooni, na huwezi kuziacha zichanganyike ovyo. Maalim alikuwa akitutisha kwa mfano wa moyo na mbwa, qalb na kalb, tofauti yake ni pahala ulimi unapogusa tu, na mtoto anayemwomba Mungu amtakasie mbwa wake alichekwa mpaka Ijumaa. Ndiyo maana kwenye matamshi tunatia nukta chini ya h, chini ya s, chini ya t, na mstari juu ya irabu inayovutwa. Nukta hizo ndizo zilizonifedhehesha.

Mpaka saa tatu ya usiku kila kitu kilikuwa sawa. Binti wa marehemu akapita kuangalia. Akasema, "Mjomba, herufi hizi kavu mno, kama barua ya serikali. Huna zile za kadi ya harusi yangu?" Ninazo. Nikashika ukurasa mzima, nikabadilisha fonti kwa kubonyeza mara moja, akafurahi, nikafurahi, nikafunga duka. Fonti ile ya harusi ilichorwa na mtu wa mbali sana ambaye hakuwaza kwamba atatokea bibi harusi wa kuhitaji h yenye nukta chini. Mistari ya juu alikuwa ameichora, maana wako Wazungu wanaoitumia, Walatvia kwa mfano. Nukta za chini hakuzichora. Na kompyuta ikikosa herufi haikwambii. Inaazima kutoka fonti nyingine, kimya kimya, kama mpishi aliyeishiwa na tui akatia maziwa ya kopo.

Kuazima peke yake kusingeniponza. Lakini herufi haikai uchi kwenye ukurasa. Kila moja ina kiwanja chake, upana aliopimiwa na mchoraji, na uwazi wa kulia na wa kushoto. Mchoraji mzuri hupoteza miezi kupima uwazi huo, kisha anarudi tena jozi kwa jozi: T ikikaa na o isogee kiasi gani, A na V zibanane vipi. Vipimo hivyo ni vya ndugu wa nyumba moja. Herufi iliyoazimwa nyumba nyingine inakuja na kiwanja chake na ua wake, na hakuna mtu aliyeandika popote ikae umbali gani na jirani mpya. Ile ḥ yangu ilitoka kwenye fonti nene, pana, ikatua katikati ya herufi nyembamba za mapambo kama mgeni aliyekuja na godoro lake. Huku na huku ikabaki hewa ya kupitisha mkokoteni.

Aya zilizotangulia nazo zilipasuka, nikaja kuona baadaye. Neno la hekima katika aya ya pili, neno la njia katika ya nne, neno la rehema katika ya tano, neno la haki katika ya saba. Pale mkwe aliruka salama. La njia na la rehema anayasoma kila siku katika Alhamdu, na hayo mengine mawili anayo tangu kwao bara, yamo ndani ya Kiswahili, hekima na haki. Muqmahuun ndilo la kwanza lililomkuta hana wa kumshika mkono.

Sasa, herufi zote zilikuwepo. Kwa mpangilio wake, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Ukinipeleka kwa kadhi na kitabu kile nitaapa kwamba neno ni kamili. Kilichoongezeka ni uwazi mtupu. Na swali lililoninyima usingizi ni je, uwazi ni kitu? Nikitia hewa ndani ya neno la Mungu, nimeongeza au sijaongeza?

Ami yangu angelicheka swali hili. Alikuwa mpanga herufi wa zamani, wa herufi za risasi, na kucha zake hazikutakata mpaka anakufa. Kwake nafasi ilikuwa kitu cha kushika. Baina ya neno na neno alitia kipande cha risasi kifupi kuliko herufi, kisichofikiwa na wino, na kwa hivyo karatasini hakionekani. Vipande hivyo vilikuwa na vipimo vyake, vikikaa kwenye visanduku vyake, na vikiisha kazi inasimama hata kama herufi zimejaa tele. Siku moja nilipokuwa mdogo alinitilia herufi kumi kiganja hiki na nafasi kumi kiganja hiki, akaniuliza zipi nzito. Sikuweza kumwambia.

Kompyuta nayo, ukiipasua tumbo, inakubaliana na ami. Nafasi ina namba yake, 32, kama A ilivyo na 65. Ziko hata alama zisizo na upana wala umbo ambazo kazi yake ni kuziambia herufi mbili za Kiarabu zishikane au ziachane. Huzioni, lakini ukifuta moja tu utaona herufi zilizoachana zimerukiana. Ila nafasi yangu mimi haikuwa hata na namba. Ukiitafuta ndani ya faili huipati. Kwa kompyuta, muqmaḥūn ni neno zima, lisilo na ufa. Ilikuwa nafasi isiyoandikwa na mtu yeyote, imezaliwa tu kwa herufi mbili kukosa mazoea. Na bado mtu aliisoma, kwa sauti, mbele ya wakwe zake.

Kiswahili hapa kimenishika pabaya. Nafasi tumeipata kwa Waarabu, na kwao nafas ni pumzi. Sisi tumeitandaza: nafasi ya kukaa, nafasi ya kazi, leo sina nafasi, hebu nipe nafasi nieleze. Pumzi imekuwa mahali, mahali pamekuwa wakati. Nafsi nayo ni ya shina lile lile. Nikisema nimeacha nafasi katikati ya neno, lugha inanisuta kwamba nimeacha pumzi humo, na yule bwana alichofanya ni kuivuta.

Wasomaji wa Kurani wanayajua haya kuliko wachapaji. Katika kisomo cha Hafs, tunachokisoma huku kwetu, kuna mahali panne pa sakta. Msomaji anakata sauti kitambo kidogo bila ya kuvuta pumzi, kisha anaendelea. Pahala pamoja ni ndani ya Yasini hii hii, aya ya 52. Waliofufuliwa wanauliza ni nani aliyewaamsha kutoka malaloni mwao. Halafu inakuja sauti nyingine kuwajibu kwamba hili ndilo waliloahidiwa. Jibu linaanza na hilo neno la "hili". Ukipita moja kwa moja linajibandika kwenye malalo, yanakuwa malalo haya, na jibu linabaki halina kichwa. Msahafuni utakuta kisini kidogo juu ya mstari, hakifiki hata punje ya mchele, kinachokwambia kata sauti hapa lakini usipumue. Nafasi isiyokuwa na pumzi. Sijui lugha nyingine ya kuieleza.

Kwenye mstari wangu wa Kilatini, aya ya 52, sikutia alama yoyote. Na kwa bahati, kipande kile hakina hata herufi moja ya nukta chini. Mkwe alikipita mbio, kwa furaha ya mtu aliyepata hatimaye barabara isiyo na mashimo. Yaani kitabu changu kilimsimamisha pasipo pa kusimama, na palipo pa kusimama kikamwachia njia.

Baada ya dua, kahawa na haluwa nilimfuata Maalim barazani, nikamweleza kila kitu, mpaka habari ya fonti ya harusi.

"Mwanangu," akasema, "hadithi ya Bibi Aisha umeisahau? Anayesoma kwa kukwama na kwa tabu ana malipo mawili."

"Naijua, Maalim. Imo kwa Bukhari na kwa Muslim. Lakini tabu ile haikuwa yake. Nimeitengeneza mimi."

"Basi umemletea thawabu."

"Na mimi je?"

Akapuliza kahawa ambayo haikuwa moto tena. "Wewe lipa gharama ya kuchapa upya."

Jibu lile lilinifariji kiasi cha kufika nyumbani. Nilipovua kanzu lilikuwa limeshaisha nguvu. Maana ikiwa kila anayemtia mwenzake tabuni anamletea thawabu, basi wachimba mashimo wa mjini kwetu ni mawalii. Kila hatua ya kwenda msikitini ina malipo, na bado sijasikia mtu aliyeuhamisha msikiti mbali na watu ili wapate zaidi. Malipo ya tabu ni rehema kwa aliyetabika. Aliyesababisha hayumo katika hadithi ile.

Nikajitafutia utetezi mwingine, na huu ulikuwa mzuri zaidi. Misahafu ya kale ya hati ya Kikufi, iliyoandikwa kwenye ngozi katika karne za mwanzo, haikuwa na mazoea yetu ya nafasi. Uwazi wa ndani ya neno, baina ya herufi zisizoshikana, ulikuwa sawa na uwazi wa baina ya neno na neno. Mwisho wa mstari ukifika, neno lilikatwa katikati, nusu huku, nusu mstari wa chini. Nukta zilikuwa chache. Anayetazama ukurasa wa namna hiyo bila kujua ataona visiwa vya herufi, vimepangwa kwa umbali mmoja, wala hatajua neno linaanzia wapi. Na ni kurasa nzuri mno, zimeandikwa na watu wenye ikhlasi kuliko yangu. Kwa kipimo hicho kitabu changu ni cha Kikufi tu, nimerudi kwa wahenga bila kujua!

Nilitembea na utetezi huo siku mbili nzima, mpaka nikauona ulipotoboka. Waliosoma kurasa zile walikuwa nayo maneno kifuani tayari. Karatasi iliwakumbusha, haikuwafundisha; wangeweza kuandikiwa kwa visiwa au kwa bara, wangefika. Mkwe wa bibi hana kingine isipokuwa karatasi. Mimi mwenyewe, niliyehifadhi Yasini kabla sijajua kufunga kikoi, nilipitisha prufu ile mara tatu nisione kitu. Jicho langu lilikuwa linasoma kifua. Kwa hivyo nilikuwa mtu wa mwisho duniani aliyefaa kuisahihisha, na nilijipa kazi hiyo peke yangu.

Ukaja usiku wa kukimbilia kwa wanazuoni wakubwa, na huko mlango wa kutokea upo, wa zamani sana. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru wanazuoni waulizwe, Kurani imeumbwa au haikuumbwa? Ahmad ibn Hanbal hakukubali kusema imeumbwa. Akatiwa kifungoni, na chini ya khalifa aliyefuata akapigwa mijeledi. Waliokuja baadaye kwa njia ya Abul Hasan al-Ash'ari, njia ya Mashafii wengi wa pwani yetu, wakapambanua. Maneno ya Mungu ni sifa yake, ya tangu na tangu, hayana herufi wala sauti. Wameyaita kalam nafsi. Wino, karatasi, sauti ya msomaji, hivyo ni viumbe vinavyotuelekeza huko. Waibadhi, tuliokaa nao Unguja hii kwa vizazi, wengi wao hata hawaoni tabu kusema imeumbwa. Ukisikiliza upande wowote kati ya hizi mbili, fonti yangu ya harusi iko chini kabisa, kiumbe dhaifu kilichopasuka, na lililo juu halikuguswa.

Ningelala hapo. Lakini jina lile, kalam nafsi, likanirudisha. Maneno yasiyo na herufi hayahitaji nafasi baina yake. Sisi ndio tunaohitaji, kwa kuwa tuna mapafu. Nafasi, nukta, irabu, kisini cha sakta, vyote hivi vimewekwa kwa ajili ya anayesoma, kwa huruma ya watu waliomwona akikwama. Niliposogeza nafasi sikumkosea Mungu, ambaye maneno yake hayatikiswi na mchoraji wa fonti. Nilimkosea mtu mmoja wa bara, aliyevaa kanzu mpya, akiuza mitumba Darajani, aliyejitahidi.

Hilo likazidisha uzito badala ya kupunguza. Haki ya Mungu unaitubia pale ulipokaa, usiku, peke yako, na Yeye ni mwingi wa kusamehe. Haki ya mja, hivi ndivyo tulivyofundishwa tangu chuoni, istighfari haitoshi. Inakutaka uvae viatu umwendee.

Kwanza nikavikusanya vitabu, vile nilivyoweza kuvipata. Vingine vilikuwa vimeshasafiri mpaka Pemba. Hapa palikuwa na swali dogo ambalo Maalim alilipenda kuliko lile langu kubwa: mstari wa Kilatini una heshima ya msahafu au hauna? Ibn Hajar al-Haytami, Mshafii mwenzetu wa Makka aliyekufa katika karne ya 16, aliharamisha kabisa kuiandika Kurani kwa hati isiyo ya Kiarabu. Kwa maoni yake kazi yangu yote ya katikati ya ukurasa isingekuwapo, na mkwe angekaa kimya hitimani, au angejifunza alifu kwa kijiti. Maalim alitikisa kichwa, akasema Kiarabu kimo juu ya ukurasa huo huo, basi usibishane, fanya adabu. Tukavichoma uwani kwake, majivu tukayafukia chini ya mkomamanga.

Nilimkuta mkwe anafunga bidhaa, jua linazama. Nikampa kitabu kipya, herufi zile kavu za barua ya serikali, neno zima. Nikamweleza. Alisikiliza huku akikunja mashati, hakukunja uso.

"Mzee wangu, kumbe?" akasema. "Mimi nilidhani ndivyo inavyosomwa. Nikasema hii ha lazima ina maana kubwa, ndiyo maana wameipa chumba chake peke yake. Nikamwomba mke wangu anifundishe kuitoa vizuri. Wiki nzima nakohoa tu."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee. Ila nimeshaihifadhi."

Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya Isha, tunakaa msikitini kusoma Yasini kwa pamoja, Maalim akituongoza. Mkwe hukaa safu ya nyuma, kitabu kipya kimefungwa juu ya magoti. Aya ya nane ikifika nasikia mgongoni kwangu muqma, kisha kimya, kisha ha moja safi ya kooni, safi kuliko yangu mimi niliyezaliwa nayo, halafu uun. Juma lililopita nikasikiliza vizuri zaidi. Maalim anapunguza mwendo pale.